Mama wa Aktini: Metali Namba 91 na Mwanamke Aliyevuka Mpaka na Marki 10

[Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.]

MTANGAZAJI: Wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo kwa sababu redio ya jirani imeishiwa betri, karibu. Maneno ni yale yale.

Leo nina hadithi ya metali. Tafadhali usiondoke. Najua wengi mnasubiri habari za mgawo, nazo zitasomwa kipindi hiki kikiisha. Lakini metali hii iligunduliwa na mtu ambaye miaka 20 baadaye alisimama mpakani na hati ya kusafiria isiyofaa, akiwa hajui kama atapita au atarudishwa. Kwa hiyo nadhani kuna jambo ndani yake ambalo wewe utalielewa haraka kuliko profesa mwenye pasipoti mfukoni.

Metali yenyewe inaitwa protaktini. Hujawahi kuisikia? Usione haya, hata walimu wengi wa sayansi huipita. Katika orodha ya elementi, yaani vitu vya asili ambavyo kila kitu duniani kimeundwa navyo, yenyewe ni namba 91. Urani, ambayo Wakongomani mnaijua vizuri kwa sababu ya Katanga, ni namba 92. Namba hiyo ni hesabu ya protoni zilizomo katika kiini cha atomu. Ongeza protoni moja, una kitu kingine kabisa. Punguza moja, vivyo hivyo.

Na hapa ndipo mambo ya ajabu yanapoanza, maana atomu za urani hupunguza zenyewe. Hazihitaji moto wala nyundo. Kiini chake ni kizito mno, hakitulii, na mara moja moja kinarusha kipande chake nje. Kurusha huko ndiko tunakokuita mionzi. Atomu iliyorusha haibaki urani tena. Inakuwa kitu kingine, nacho kikirusha kinakuwa kingine tena, hadi mwisho wa safari ambapo inakuwa risasi ya kawaida, metali ile laini ya kijivu, na hapo inatulia.

Ni ukoo, kama unavyohesabu ukoo wako kwa baba na babu. Aina moja ya urani, iitwayo urani 235, inamzaa thori. Thori huyo anamzaa protaktini. Protaktini anamzaa aktini. Na kizazi kinaendelea.

Kila mmoja katika ukoo huu ana muda wake wa kuishi. Ili kuuelewa, chukua debe la maharage. Tuseme kila wiki nusu ya kilichomo huliwa. Wiki ya kwanza ikiisha limebaki nusu debe. Ya pili, robo. Ya tatu, nusu ya robo. Muda huo wa kufikia nusu wanasayansi wanauita nusumaisha. Urani 235 nusumaisha yake ni miaka milioni 700 na kidogo. Thori inayoifuata, saa 25 na nusu hivi. Protaktini, miaka kama 32,700. Aktini, miaka 22 tu.

Sasa nikuulize swali lililowasumbua wataalamu wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Aktini iligunduliwa Paris mwaka 1899 na André Debierne, katika mawe meusi yenye urani. Mawe hayo yana umri wa mamilioni ya miaka. Kama debe la aktini linapungua nusu kila miaka 22, imekuwaje bado imo? Ilipaswa kuwa imekwisha zamani sana.

Bila shaka umeshajibu. Kuna mtu anayeongeza maharage. Mle ndani ya jiwe lazima awemo mama anayeendelea kuzaa. Lakini huyo mama ni nani, na anafananaje?

[Muziki mfupi.]

Dokezo la kwanza lilitoka kwa Mrusi, Dmitri Mendeleev, aliyepanga elementi katika jedwali. Mwaka 1871 alikuwa ameacha nafasi tupu kati ya thori na urani, akasema hapo kuna kitu ambacho hakijapatikana, nacho kitafanana tabia na metali iitwayo tantali. Dokezo la pili lilikuja mwaka 1913, wataalamu walipotambua kanuni ya ule ukoo: atomu ikirusha kipande kiitwacho alfa inashuka nafasi mbili katika jedwali. Aktini ni namba 89. Basi mama yake, kama anarusha alfa, ni namba 91. Nafasi ile ile tupu ya Mendeleev.

Mwaka huo huo 1913, katika mji wa Karlsruhe, Kasimir Fajans na Oswald Göhring walimwona mtu wa namba 91. Lakini alikuwa wa aina yenye maisha mafupi kupita kiasi: nusumaisha yake ni dakika moja na sekunde chache. Wakamwita brevium, maana yake wa muda mfupi. Huyo hawezi kuwa mama wa aktini. Alikuwa ndugu wa huyo mama, tuseme hivyo. Mama mwenyewe alikuwa bado amejificha.

Aliyemtafuta hadi kumpata aliitwa Lise Meitner.

Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1878, katika familia ya Kiyahudi yenye watoto wanane. Wasichana wa Vienna wakati huo walimaliza shule wakiwa na miaka 14. Hapakuwa na sekondari ya kuwapeleka chuo kikuu, na chuo chenyewe kilikuwa kimefungwa kwao. Mlango ulipofunguliwa, Lise alikuwa mtu mzima tayari. Alisoma nyumbani na mwalimu wa kulipwa, akaubana ndani ya muda mfupi mtaala ambao wavulana waliusoma kwa miaka mingi, akafanya mtihani mwaka 1901 na kufaulu. Alikuwa na miaka 22. Wewe dada unayerudi darasani na watoto wadogo kukuzidi kwa kusoma, umesikia. Mwaka 1906 alikuwa daktari wa fizikia.

Mwaka 1907 akaenda Berlin. Huko akakutana na mkemia kijana, Otto Hahn, wakakubaliana kufanya kazi pamoja. Hahn alijua kutenganisha vitu kwa asidi na moto, Meitner alijua kupima mionzi na kupiga hesabu. Lakini taasisi aliyofanyia kazi Hahn haikuruhusu wanawake. Mkuu wake alikubali kwa masharti: Meitner atumie karakana ya zamani ya seremala iliyokuwa chini ya jengo, yenye mlango wake wa nje, na asipande juu kwenye maabara za wanaume. Choo cha wanawake hakikuwapo. Alikuwa akienda kwenye mkahawa mtaani. Mshahara pia hakuwa nao, alitumiwa pesa kidogo na wazazi. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya muda mfupi, sheria ya elimu ya wanawake ilipobadilika, na mwaka 1912 wote wawili wakahamia taasisi mpya ya kemia huko Dahlem, pembeni mwa Berlin. Ndipo akaanza kulipwa.

Wakaanza kumsaka mama wa aktini. Halafu, mwaka 1914, vita.

Hahn aliitwa jeshini. Meitner alienda mwaka 1915 kuwa muuguzi wa picha za eksirei katika hospitali za jeshi la Austria. Aliona vijana walioletwa wakiwa wamevunjika vunjika, na akaendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1916, ndipo akarudi Berlin. Maabara ilikuwa tupu. Wanafunzi wameenda vitani, wasaidizi wameenda vitani, mafundi wameenda vitani. Hahn alikuja akiwa na likizo, siku chache hapa, siku chache pale. Kazi ilibaki mikononi mwa mtu mmoja.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Alichukua gramu 21 za lile jiwe jeusi. Gramu 21 ni vijiko vichache vya chai. Akalichemsha katika asidi kali hadi sehemu kubwa ikayeyuka. Kilichobaki chini kilikuwa mchanga mweupe usioyeyuka, gramu 2 tu. Wengine wangeumwaga. Yeye aliwaza hivi: Mendeleev alisema kitu hiki kitafanana na tantali, na tantali haiyeyuki katika asidi hii, kwa hiyo ninachokitafuta kimo katika hayo mabaki. Akachukua robo ya mabaki, yaani nusu gramu, akatia ndani yake tantali kidogo ya kawaida, ili ikamate kile kitu kilicho kichache mno kisichoonekana. Ni kama kuweka kuku wa kufugwa mtegoni ili kanga wa porini wasogee. Akayeyusha kwa asidi nyingine, akachemsha, akatenga. Kisha akapima. Mionzi ya alfa ikaonekana.

Bado hapakuwa na ushahidi. Mtu mwingine angeweza kusema, hayo ni mabaki ya kitu kingine tunachokijua. Ili kuthibitisha kwamba huyu ni mama, ilibidi mtoto azaliwe mbele ya macho yake. Alihitaji kukisafisha kabisa kile kitu, kiwe hakina aktini hata chembe, halafu asubiri aone kama aktini itaanza kuonekana yenyewe, kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi. Na nusu gramu ilikuwa haitoshi. Akaandika barua huku na huku kuomba mabaki ya mawe ya urani kutoka kwa watu waliokuwa nayo. Wakati wa vita hata mabaki ni mali. Akayapata, akaanza upya kwa kiasi kikubwa zaidi, akapima, akasubiri, akapima tena. Na aktini ikaongezeka, kama alivyotarajia.

Machi 1918 makala ikapelekwa kwenye jarida la fizikia la Ujerumani. Jina la kwanza juu yake ni Otto Hahn, la pili ni Lise Meitner. Sitaki kumwonea Hahn. Utafiti ule waliuanza pamoja kabla ya vita, na kila alipopata likizo alisaidia. Lakini ukiniuliza ni mikono ya nani iliyokuwa na makovu ya asidi ile, nitakujibu.

Walimwita protoaktini, kwa maana ya yule anayemtangulia aktini. Mwaka 1949 jina likafupishwa kuwa protaktini. Jina la brevium likaachwa, kwa desturi kwamba anayepata aina yenye maisha marefu zaidi ndiye anayetoa jina.

Na tuwe waadilifu: huko Scotland, Frederick Soddy na John Cranston nao walikuwa wamefikia kitu hicho hicho. Cranston aliitwa vitani kabla hajaweza kukichunguza vizuri. Makala yao ilitoka mwaka huo huo wa 1918.

[Muziki mfupi.]

Utauliza, basi metali yenyewe ni ya aina gani? Inang'aa kama fedha, na mng'ao wake unakaa hewani kwa muda kabla ya kufifia. Ni nzito: chombo kinachoingiza kilo 1 ya maji kingeingiza kilo 15 za protaktini. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,570 hivi. Ni sumu, na mionzi yake ikiingia mwilini kwa vumbi au chakula hudhuru sana. Haitumiki kutengeneza chochote sokoni.

Na ni adimu kupita mawazo. Katika tani nzima ya urani mna karibu theluthi moja ya gramu. Ilichukua hadi mwaka 1927 kwa Aristid von Grosse kupata miligramu 2 za kiwanja chake safi, kiasi cha kupotea chini ya ukucha. Metali yenyewe aliipata mwaka 1934. Mwaka 1961 Waingereza walichukua tani 60 za taka za urani, wakazipitisha katika hatua 12 za kusafisha, wakatoka na gramu 125 hivi. Gharama ilikuwa karibu dola nusu milioni. Kwa miaka mingi maabara za dunia zilikuwa zikigawiwa kutoka kwenye hizo gramu, kidogo kidogo, kama mgawo wa mafuta ya kupikia.

Kazi moja inayo. Maji ya bahari yana urani iliyoyeyuka, nayo inazaa protaktini na aina moja ya thori. Hao wawili hawapendi kukaa majini, wananata kwenye vumbi na kuzama. Thori huzama haraka, karibu na pale ilipozaliwa. Protaktini hukawia, mikondo ya bahari ikaibeba mbali kabla haijatua. Kwa hiyo wataalamu wakichimba tope la chini ya bahari na kulinganisha hizo mbili, wanaweza kujua mikondo ilivyokuwa ikienda maelfu ya miaka iliyopita, enzi za barafu.

Neno moja kwa wale mliochimba au mtakaorudi kuchimba upande wa Likasi na Kolwezi. Protaktini hailetwi na mtu, imo tayari katika kila jiwe lenye urani, pamoja na ukoo wake wote. Shinkolobwe, mgodi uliogunduliwa mwaka 1915, ulikuwa na mawe tajiri kuliko karibu yote duniani: mengine yalikuwa na oksidi ya urani asilimia 65. Serikali iliufunga kwa amri Januari 2004, lakini watu waliendelea kuingia kutafuta kobalti, na Julai mwaka huo udongo ukabomoka ukaua. Jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, pengine lenye ukoga wa njano au kijani, usilisage, usilipeleke ndani, usiwape watoto walichezee. Hatari kubwa iko kwenye vumbi.

[Muziki.]

Turudi Berlin. Mambo ya Meitner yalimnyookea. Alipewa idara yake mwenyewe ya fizikia, na mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa fizikia Ujerumani.

Kisha mwaka 1933 Hitler akashika madaraka. Wayahudi wakafukuzwa kazi serikalini na vyuoni. Meitner alikuwa amebatizwa Mprotestanti tangu mwaka 1908, lakini sheria zile hazikuuliza unasali wapi, ziliuliza babu zako ni nani. Akanyang'anywa ruhusa ya kufundisha chuo kikuu. Katika taasisi ya Dahlem alibaki, kwa sababu alikuwa raia wa Austria, nchi nyingine. Fajans, yule wa brevium, naye alikuwa Myahudi. Aliondoka Ujerumani mwaka 1935 na kuishia Marekani. Wenzake wengi walikuwa wanaondoka. Yeye alikaa. Baadaye alijilaumu kwa kukaa, akasema lilikuwa kosa. Lakini nani kati yetu aliondoka siku ya kwanza? Una kazi, una chumba, una watu unaowajua, na kila siku unajiambia huenda yataisha.

Machi 1938 jeshi la Hitler liliingia Austria, nchi ikamezwa. Asubuhi moja pasipoti ya Meitner ikawa ya nchi isiyokuwapo. Aliomba hati mpya, akakataliwa. Zaidi ya hapo, habari zikaja kwamba wasomi hawataruhusiwa tena kutoka nje. Alikuwa na miaka 59.

Rafiki zake wa nchi za nje wakaanza kuandikiana barua za mafumbo. Mholanzi mmoja, profesa Dirk Coster wa mji wa Groningen, alizunguka ofisi za serikali yake hadi akapata idhini ya kumwingiza Meitner, kisha akapanda treni mwenyewe kwenda Berlin kumchukua. Siku ya mwisho, Meitner alifanya kazi hadi usiku, akisahihisha makala ya kijana mmoja, ili mtu yeyote asishuku. Alikuwa na saa moja na nusu ya kufunga mizigo. Masanduku mawili madogo. Nguo za kiangazi. Akalala nyumbani kwa Hahn.

Kabla ya kuondoka, Hahn alimpa pete ya almasi aliyorithi kwa mama yake. Ilikuwa ya kumpa askari wa mpakani, kama itabidi.

Asubuhi ya Julai 13, 1938, rafiki mmoja alimpeleka stesheni kwa gari. Njiani hofu ikamshinda, akamwomba amrudishe. Hakurudishwa. Ndani ya treni alimkuta Coster, wakasalimiana kama watu waliokutana kwa bahati. Walipokaribia Nieuweschans, mpakani, alijua kwamba polisi hupita kwenye mabehewa na kushusha watu. Treni ikasimama. Treni ikaondoka. Akawa Uholanzi. Mkobani alikuwa na marki 10.

Kutoka hapo alipita Denmark, akafika Sweden. Stockholm walimpa nafasi katika taasisi moja ya fizikia. Nafasi ilikuwa dawati. Vifaa hakuwa navyo, wasaidizi hakuwa nao, lugha hakuijua, na ndugu zake wengine walikuwa bado Vienna. Aliyekuwa mkuu wa idara sasa alikuwa mtu wa kuombewa.

Ndipo Desemba mwaka huo ikaja barua kutoka kwa Hahn. Kule Berlin yeye na mwenzake Fritz Strassmann walikuwa wakiendeleza utafiti walioufanya wote watatu: kuipiga urani kwa vipande viitwavyo nyutroni na kutazama kinachotokea. Na wameona kitu kisichoelezeka. Katika urani wamekuta bariamu, elementi nyepesi, karibu nusu tu ya uzito wa urani. Je, yeye anaweza kupata maelezo?

Meitner alikuwa ameenda mji wa Kungälv kwa Krismasi, akiwa na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, mwanafizikia naye, mkimbizi naye. Wakatoka kutembea kwenye theluji, wakizungumza. Kumbuka ule ukoo: siku zote atomu ilirusha vipande vidogo na kushuka ngazi moja, mbili. Hapa ilionekana kama mtu ameanguka kutoka juu ya mnazi hadi katikati bila kugusa shina. Wakafikiri kuhusu tone la maji. Tone kubwa likitikiswa hurefuka, hubonyea katikati, hukatika mawili. Je, kiini cha urani kimekatika mawili? Wakakaa juu ya gogo, wakatoa vipande vya karatasi mfukoni, na Meitner, aliyekuwa na hesabu za uzito wa viini kichwani, akapiga hesabu. Vipande viwili vingekuwa vyepesi kidogo kuliko urani iliyovizaa. Uzito uliopotea umegeuka kuwa nguvu, na nguvu hiyo ni kubwa mara mamilioni kuliko ya moto wa kuni kwa kila atomu. Hesabu zikakubaliana.

Makala ya Hahn na Strassmann ilitoka Januari 1939 bila jina lake. Kumweka Myahudi aliyetoroka kwenye karatasi ya Kijerumani kulikuwa hatari. Makala ya Meitner na Frisch ilitoka Uingereza mwezi uliofuata. Yaliyofuata Wakongomani mnayo sehemu. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zilipelekwa New York, na baadaye zikanunuliwa kwa ajili ya bomu. Meitner alialikwa kujiunga na kazi hiyo, akakataa. Agosti 6, 1945, Hiroshima iliteketea.

Mwaka huo huo, tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 ilitangazwa kwa ugunduzi wa kupasuka kwa kiini cha atomu. Jina lilikuwa moja, Otto Hahn. Meitner alipendekezwa kwa tuzo ya Nobel mara nyingi, zaidi ya 40, na hakuipata. Alibaki rafiki wa Hahn hadi mwisho, ingawa alimwandikia maneno makali kuhusu wasomi waliobaki na kunyamaza. Hakurudi kuishi Ujerumani. Alifia Cambridge, Uingereza, mwaka 1968, siku chache kabla ya kutimiza miaka 90. Mwaka 1997 elementi namba 109 ilipewa jina lake: meitneri.

Ile pete ya almasi hakuna askari aliyeiomba. Baadaye ilivaliwa na mke wa Frisch.

[Muziki wa kufunga. Zinafuata habari za mgawo.]